Ukikutana na lori jitu barabarani, hesabu magurudumu

Huenda kisa hiki kimewahi kukupata, msomaji. Likizo ya Desemba imekwisha, nawe na jamaa yako mmo ndani ya basi mkirejea Nairobi kutoka Mombasa. Shule zinafunguliwa kesho. Mmeshapita Voi, watoto wamechoka kuuliza mtafika lini, na ghafla basi linapunguza mwendo hata likawa linatambaa kama kinyonga. Mbele yenu ni msururu wa magari usioonekana mwisho wake.

Baada ya nusu saa ndipo mnapoona chanzo cha balaa lote. Kwanza gari dogo lenye taa ya manjano inayozungukazunguka na bendera nyekundu pembeni. Mbele yake kuna jitu la lori, lenye trela ndefu iliyo chini karibu kugusa lami, na juu ya trela hiyo kumekaa dude la chuma lenye kimo cha nyumba. Limejaza barabara, na linakwenda mwendo ambao hata mtu wa miguu angeweza kuufuata.

Hapo ndipo maneno huanza ndani ya basi.

"Dereva, kwani hili dude limeruhusiwa na nani kututesa hivi?" auliza mama aliyepakata mtoto.

"Ndiyo haya yanayotuharibia barabara, mama," ajibu mzee wa kiti cha nyuma. "Sisi twalipa kodi, wao wanakuja kuzivunja."

Wakati huo huo, upande wa pili wa barabara, lori la kawaida lililojaa mchanga hadi ukingoni lapita mbio na kutoweka. Hakuna anayeligeukia wala kulilaumu.

Msomaji, ukitaka kujua ni nani anayeila barabara yako, huenda abiria hao wamemlaumu asiyehusika na kumwachilia mwenye hatia.

Uzito si hoja, hoja ni nyayo

Tuanze na jambo ambalo mwanafunzi yeyote aweza kulijaribu nyumbani. Mvua ikishanyesha, mwache mtu mmoja akanyage udongo laini akiwa amevaa viatu vya mpira vya kuingilia matopeni. Kisha avue, avae viatu vya kisigino chembamba, akanyage tena. Mtu ni yule yule na uzito wake haujaongezeka hata gramu moja, lakini kisigino kitazama na kuacha shimo. Mpe ngamia mchanga wa jangwani apite, na hatatitia, maana wayo wake ni mpana na hutanuka kila anapoukanyaga.

Barabara nayo huyaona malori hivyo hivyo. Haiulizi lori zima lina uzito gani. Huuliza kila ekseli, yaani kila chuma kinachobeba magurudumu ya pande mbili, imeikandamiza kwa kiasi gani. Ndiyo sababu sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka wa 2013 kuhusu kudhibiti uzito wa magari haikuridhika kuweka kipimo cha lori zima peke yake. Lori zima lisizidi tani 56, lakini pia ekseli ya mbele ya usukani isizidi tani 8, ekseli moja yenye magurudumu manne isizidi tani 10, mbili zinazofuatana zisizidi tani 18, na tatu zinazofuatana zisizidi tani 24. Hesabu hizo ndizo zinazokaguliwa katika vituo vya kupimia uzani kama vile Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye.

Je, ekseli ikizidisha kidogo tu, kuna hasara gani? Hapa ndipo penye ajabu. Kati ya miaka ya 1958 na 1960, wahandisi wa Marekani walijenga barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois. Wanajeshi walipewa kazi ya kuendesha malori yenye uzito mbalimbali wakizunguka barabara hizo kwa muda wa miaka miwili, huku wahandisi wakipima kila ufa na kila bonde. Kutokana na majaribio hayo ilipatikana kanuni ambayo wajenzi wa barabara duniani huitumia kama mwongozo hadi leo: madhara hayaongezeki sawa na uzito, bali huongezeka kwa uzito uliozidishwa kwa nafsi yake mara nne.

Mwanafunzi, chukua kalamu. Ekseli ikibebeshwa mara mbili ya kipimo, hesabu ni 2 mara 2 mara 2 mara 2. Jibu ni 16. Kwa hivyo lori hilo halikuiumiza barabara mara mbili, bali mara 16. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 12, yaani nyongeza ya tani mbili tu ambayo mwenye lori huiona ni kitu kidogo, fanya 1.2 mara nne kwa nafsi yake. Utapata zaidi kidogo ya 2. Nyongeza ya sehemu moja kwa tano imezidisha madhara mara mbili! Na ukilinganisha ekseli ya tani 10 na ile ya gari dogo yenye tani 1, utapata 10,000. Naam, ekseli moja ya lori hupita na kuiumiza lami sawa na ekseli 10,000 za gari la baba.

Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tani mbili juu ya lori la mtu mwingine huonekana kama usufi. Barabara ndiyo inayojua uzito wake.

Sasa turudi kwa lile jitu

Dude lililowachelewesha njiani mara nyingi huwa ni transfoma, yaani mtambo wa kupandisha au kuteremsha nguvu za umeme, unaopelekwa kwenye kituo kikubwa cha stima. Tuseme lina tani 100. Ukilipakia kwenye lori la kawaida, bila shaka lori lingevunjika kabla ya kutoka langoni mwa bandari. Kwa hiyo wasafirishaji huleta trela maalum yenye safu nyingi za magurudumu.

Tufanye hesabu ya mfano. Trela yenyewe ina tani 40, na mzigo tani 100. Jumla ni tani 140. Trela ina safu 14, kwa hivyo kila safu yabeba tani 10. Na kila safu ina magurudumu manane. Gawanya, utaona kila gurudumu limebeba tani moja na robo. Sasa chukua lori la kawaida lililojazwa sawasawa kisheria: ekseli ya tani 10 yenye magurudumu manne, na kila gurudumu limebeba tani mbili na nusu. Hebu ona! Gurudumu la jitu laikanyaga lami kwa nusu ya uzito wa gurudumu la lori ambalo halikugeukiwa na mtu.

Tena trela hiyo si ubao mkavu. Chini yake mna mitungi ya mafuta iliyounganishwa kwa mabomba. Safu moja ikipanda kigongo, mafuta hukimbilia upande mwingine, na uzito ukagawanyika upya ili gurudumu lolote lisionewe. Magurudumu ya nyuma nayo hukata kona, na mara nyingi huwa na mtu wake wa kuyaongoza. Wakati mwingine utaona vichwa viwili vya lori, kimoja kikivuta mbele na kingine kikisukuma nyuma. Penye mteremko, kama ule wa kushukia Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, kile cha nyuma hugeuka kuwa mshikaji. Huzuia mzigo usimwangukie mwenzake, maana breki zikitumiwa mfululizo hushika moto na kushindwa kabisa.

Pengine utauliza, kwa nini basi hilo dude lisikatwe vipande na kubebwa kidogo kidogo? Swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha sheria yote. Ndani ya transfoma mna chuma na nyaya zilizofungwa kiwandani na kukaushwa kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu unyevu ni adui yake. Kabla ya safari, mafuta yake huondolewa ili uzito upungue, na mahali pake hujazwa hewa kavu au gesi ya naitrojeni. Sehemu zinazochomoza hung'olewa na kubebwa kando. Lakini moyo wake haukatiki. Na ili mwenye mtambo ajue safari ilikuwaje, hufungwa kifaa kinachorekodi kila mtikiso, tangu kiwandani, melini, bandarini hadi unapotua. Dereva akirukia tuta kwa kasi, hana la kuficha: kifaa kimekwisha andika.

Sheria husema hivi kwa ufupi: mzigo usiogawanyika waweza kuruhusiwa kupita kipimo, lakini kwa kibali maalum. Mwenye mzigo huomba kibali hicho kwa Mamlaka ya Barabara Kuu nchini (KeNHA), na hueleza urefu, upana, kimo, uzito na idadi ya ekseli. Kibali huja na masharti: njia itakayotumiwa, saa za kusafiri, na magari ya kusindikiza. Lakini mchanga, saruji, mahindi, kokoto na magunia ya sukari hugawanyika. Mwenye kuyapakia kupita kiasi hana udhuru wowote. Angeweza kufanya safari ya pili, naye aliamua wewe ndiwe utakayeilipia.

Babu zetu walijua kugawanya

Fikira hii ya kugawanya mzigo si ngeni kwetu. Kabla ya reli kujengwa, bidhaa zilizotoka pwani kwenda bara zilibebwa na wapagazi, kila mmoja na furushi lake la kiasi cha kilo 30. Kilichozidi hapo kiligawanywa, au kilitungikwa mtini na kubebwa na watu wawili.

Hata meli ilipita hivyo. Katika miaka ya 1890, meli ndogo iliyoitwa William Mackinnon iliundwa Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa Mombasa. Vipande hivyo vilipelekwa hadi Ziwa Viktoria, na sehemu ya safari hiyo vilibebwa na wapagazi. Huko Kisumu viliungwa tena kimoja baada ya kingine, na mwaka wa 1900 meli hiyo ikateremshwa majini, mwaka mmoja kabla ya reli yenyewe kufika ziwani.

Karne moja baadaye, kazi kama hiyo ilirudi kwa sura nyingine. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, karibu na Loiyangalani katika kaunti ya Marsabit, ulihitaji mitambo 365. Kila mtambo una mapanga matatu, kwa hivyo mapanga 1,095, na kila panga lina urefu wa karibu mita 25. Panga halikatwi vipande. Shida yake si uzito bali urefu. Ilibidi yote yatoke bandari ya Mombasa na kusafiri kwa malori mwendo wa karibu kilomita 1,200. Kutoka Laisamis kwenda mbele, njia haikufaa hata kidogo, na ikabidi kilomita zipatazo 208 za barabara zitengenezwe kwanza ndipo malori yapite. Mitambo yote ilikuwa imesimama kufikia mwaka wa 2017. Hata hivyo ilikaa ikingojea nyaya za kuusafirisha umeme hadi Suswa, ambazo zilikamilika mwaka wa 2018, na mradi ukazinduliwa rasmi mwaka wa 2019.

Kwa hivyo msomaji, ukiwasha taa usiku mtoto afanye kazi yake ya shule, kumbuka kuwa sehemu ya mwanga huo ilipita barabarani ikitambaa, na huenda kuna abiria waliofika nyumbani usiku kwa ajili yake.

Daraja halisamehi

Haki ni haki, na tusije tukamfanya jitu kuwa malaika. Kuna mahali ambapo magurudumu mengi hayatoshi, napo ni darajani. Lami hubeba gurudumu moja moja, lakini nguzo za daraja hubeba jumla. Ndiyo sababu wahandisi hulikagua kila daraja lililo njiani kabla ya safari. Mzigo mzito kabisa ukifika hapo, magari mengine huzuiwa, nalo lori hupita peke yake, katikati ya daraja, pole pole, bila kuongeza mwendo wala kufunga breki. Mkikaa darajani dakika kumi mkingojea, si uzembe. Afadhali dakika kumi kuliko mji mzima kukosa daraja.

Mjini nako kuna mtihani wake: nyaya za stima na za simu zilizoning'inia, matawi ya miti, vibao, mizunguko ya barabara. Wafanyakazi hutangulia na miti mirefu isiyopitisha umeme wakiinua waya mmoja mmoja. Waya ukikatika, mtaa mzima hulala gizani.

Wewe na watoto wako mfanye nini?

Kwanza, ukiwa ndiwe dereva na ukaona taa ya manjano na bendera nyekundu zikija mbele yako, punguza mwendo na uutafute ukingo ulio salama mapema. Usingoje hadi mkutane konani, maana mzigo wenyewe waweza kuwa umeenea hadi upande wako.

Pili, usilipite jitu hilo mpaka wasindikizaji wakuruhusu. Wao wanaona mbele, wewe huoni. Na usiligande nyuma. Ukiwa huwezi kuviona vioo vya pembeni vya dereva, basi naye hakuoni.

Tatu, na hili ni la wanaoendesha pikipiki, baiskeli na wanaotembea kwa miguu. Gari refu likikata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Hukata ndani zaidi. Utaona dereva ametanua kwanza upande mmoja, na pengo kubwa likabaki upande wa pili. Pengo hilo ni mtego. Aliyejipenyeza humo hana pa kutokea.

Nne, watoto hupenda kukimbilia maajabu. Wafundishe kutazama wakiwa mbali, na wasiingie kamwe kati ya kichwa na trela, hata lori likiwa limesimama.

Tano, wape mchezo wa safarini. Badala ya kuuliza kila dakika mtafika lini, wahesabu ekseli za kila lori linalopita. Wakiona lori la ekseli tatu, mbele moja na nyuma mbili, wakumbuke hesabu: tani 8 na tani 18, jumla tani 26 pamoja na uzito wa lori lenyewe. Kisha watazame matairi kama yamefura chini, na mchanga kama umepita ukingo. Si kila lori lililojaa ni lenye hatia, kwani pamba hujaa na kuwa nyepesi. Lakini mtoto aliyezoea kuhesabu atakua mtu asiyedanganywa na macho.

Nani anayelipa?

Huenda bado waona kuwa hili ni jambo la wenye malori na serikali. Hapana. Kila lita ya petroli au dizeli inayouzwa nchini hutozwa ushuru wa kutunza barabara, na mwaka wa 2024 ushuru huo ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Hata kama huna gari, umeulipa ndani ya nauli ya matatu, ndani ya bei ya unga na ya sukuma wiki. Lami iliyotandazwa idumu miaka mingi ikibomoka kabla ya wakati, pesa zako ndizo zinazorudi kuziba mashimo pale pale.

Wala si pesa pekee. Barabara iliyochimbwa mabonde na magurudumu huteka maji ya mvua, nayo magari yakateleza. Shimo humfanya dereva wa matatu akwepe ghafla na kukutana uso kwa uso na anayekuja. Hasara ya tani mbili za mchanga hupelekwa mahali ambapo mwenye mchanga hatawahi kufika: hospitalini, na wakati mwingine kaburini.

Kwa hivyo ukijenga nyumba, nawe unaagiza mchanga na kokoto, usimshawishi mwenye lori ajaze safari mbili katika moja ili upunguziwe bei. Punguzo hilo utalirudisha kidogo kidogo kila siku uendapo kazini, ukirushwarushwa kitini katika barabara ile ile.

Na siku utakayokwama tena nyuma ya dude la chuma, Voi au Gilgil, toa kichwa dirishani uhesabu safu za magurudumu. Ukipata nyingi, mwambie yule mama aliyepakata mtoto kwamba dude hilo limeomba ruhusa, limegawa mzigo wake, na linakwenda pole kwa sababu mwenda pole hajikwai. Kisha mwonyeshe lile lori la mchanga linalopita mbio upande wa pili, na umwombe alitazame vizuri.